Mkeka juu ya sola

Wiki iliyopita mkubwa wa chama fulani cha siasa alikuja hapa Baraka kutuhubiria umeme wa jua usiokata miti, akafunga sola juu ya paa la maternite yetu, nyumba ya kujifungulia. Kesho yake jioni taa ilikataa kuwaka. Wapinzani walishaanza kucheka mkubwa huyo alipopanda ngazi na kukuta sola imefunikwa mkeka.

“Ni miye, papa,” mkunga wetu akasema taratibu. “Kitu inang’aa ku paa, basoda na bunduki zabo banaionaka mbali. Tunafichaka.”

“Mama, vita ilishaisha.”

“Ndiyo, papa.”

Sasa taa inawaka, na jana mtoto wa kwanza alizaliwa bila kibatari. Nimeshusha pumzi. Ahadi ya jua nimeiona kwa macho. Ya amani bado: mkunga ameukunja mkeka wake vizuri na kuuweka nyuma ya mlango.