Maua Mekundu ya Mama Bupe

Nakumbuka siku moja, kesho yake ikiwa Krismasi, nilitoka nyumbani asubuhi na panga mkononi na moyo mweupe kabisa, nikaenda kufanya kosa ambalo hadi leo sijalisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeolewa kijijini Makwale miezi saba tu, nimetoka mtaa wa Bondeni mjini, na nilijiona najua mambo.

Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu naona mnavyohangaika Desemba ikifika. Taa za kuwakawaka dirishani, mti wa plastiki, kitambaa cha meza kinacholingana na mapazia, na picha mmeshapiga kabla chakula hakijapakuliwa. Sikukatazi. Mimi nani nikukataze, nami nilikuwa mgonjwa wa mapambo kabla hujazaliwa? Nyumba ya sikukuu ipendeze. Bibi zetu huku Kyela walipaka kuta udongo mweupe na kufagia uwanja hadi mgeni anaona aibu kuukanyaga, na hawakuwa na duka la mapambo.

Basi mwaka ule mume wangu alikuwa amenichongeshea meza ya kulia chakula, ya watu sita, na viti vyake. Ilikuwa meza ya kwanza katika nyumba ile. Kabla yangu, Krismasi ililiwa kwenye mikeka, wakubwa sebuleni na watoto nyuma ya jiko na sinia lao. Mama mkwe wangu, mjane wa maneno machache, aliizunguka ile meza mara mbili, akaigonga kwa kidole, akasema ni nzito. Nilichukulia kuwa ameisifu.

Nikaamua Krismasi hiyo watu waone meza ni nini. Nilikuwa na kitambaa cheupe nilichokidarizi mwenyewe kabla ya kuolewa. Nilisokota karatasi za chooni za pinki na nyeupe nikazitundika kutoka kona hadi kona, ndiyo, usicheke, ndiyo yalikuwa mapambo yetu na yalipendeza. Nikavika kopo la maziwa karatasi ya kung'aa. Kikabaki kitu kimoja tu, maua ya kutia ndani ya kopo.

Nyuma ya nyumba yetu, ukipita migomba, palikuwa na shamba la kakao la jirani yetu, mjane mwenzake mama mkwe, ambaye wote tulimwita Mama Bupe. Pembeni mwa shamba lile, mahali penye jua, palikuwa na kichaka cha maua mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba mchanga. Yalikuwa yamechanua kama moto. Sikuomba. Nilijiambia, ndizi huombwa, kakao huombwa, lakini nani aombe ruhusa ya maua ya porini? Nikayakata yote, shina baada ya shina, hadi pakabaki visiki vya kijani. Nikabeba mzigo wangu kifuani nikiimba.

Usilolijua ni kama usiku wa giza, mwanangu. Mimi nilikuwa gizani jua likiwaka.

Nilifunga mlango wa sebule, nikamkataza hata mume wangu kuingia. Nilitaka waone wote kwa pamoja. Mama mkwe hakuwa na muda wa kuchungulia. Alishinda kanisani akisafisha na wenzake, na alfajiri ya Krismasi alikuwa jikoni nje na kuku wake.

Tulipotoka ibadani, Mama Bupe alikuja kama alivyokuja kila mwaka, amevaa kitenge kipya, ameshika bakuli la mbasa, samaki wa ziwa letu, aliowachemsha kwa nyanya. Nilimpokea kwa kuchuchumaa kama mkamwana anavyopaswa, nikamshukuru kwa lugha ya kule, "Ndaga, Mama," kisha nikafungua mlango kwa mbwembwe.

Mama mkwe aliingia kwanza, akasimama. Mama Bupe akasimama nyuma yake. Nilisubiri vigelegele.

"Haya umeyatoa wapi?" mama mkwe aliniuliza, taratibu sana.

"Hapo tu kwa Mama Bupe, kwenye kakao," nikajibu nikicheka. "Yalikuwa yanachanua bure, hakuna anayeyaona."

Mama Bupe aliinama, akaliweka bakuli lake chini karibu na mlango, akageuka, akatoka. Nilimwona kupitia dirisha akishika njia ya migomba. Hakukimbia. Laiti angekimbia, au angenitukana.

Mama mkwe aliketi kwenye kiti changu kipya. Akamwambia mume wangu atupishe. Halafu akanitazama.

"Miezi saba unamwita Mama Bupe," alisema. "Hukuwahi kujiuliza Bupe yuko wapi?"

Mwanangu, sikuwahi. Nilikuwa nimelitamka jina la mtoto yule kila siku, asubuhi na jioni, na sikuwahi kuuliza.

Ndipo nikaambiwa. Bupe alikuwa mtoto wake wa pekee. Homa ilimchukua akiwa na miaka minne, wiki mbili kabla ya Krismasi. Gauni lake la sikukuu lilikuwa limeshashonwa, akazikwa nalo. Kwetu mjini wafu tuliwapeleka kwenye makaburi ya mji, nami nilijua kaburi ni saruji na msalaba. Lakini kule Makwale mtu hulala nyumbani kwake, na mvua za Kyela hazimwachii maskini tuta la udongo. Mwaka mmoja tu pamekuwa sawasawa na shamba. Kwa hiyo mama yake alipanda maua ili ajue mahali pa kupiga magoti. Kwa macho ya mgeni kilikuwa kichaka. Kwa mama yake kilikuwa ndiyo alama pekee iliyobaki duniani kwamba Bupe aliwahi kuwapo.

"Krismasi tatu za kwanza hakutoka ndani," mama mkwe aliendelea. "Nilimpelekea chakula, anakipokea, kesho nakikuta kama kilivyo. Mwaka wa nne nilimshika mkono nikamleta. Tangu hapo hii ndiyo nyumba pekee anamokula sikukuu. Akilala leo na jambo hili, mkamwana, hatarudi. Namjua. Na mimi sina ndugu karibu kama yule."

Nilianza kukusanya yale maua ili nimrudishie. Akanipiga mkono, siyo kwa nguvu.

"Utamrudishia maua yaliyokatwa? Unataka umwonyeshe mara ya pili? Yaache. Nenda mikono mitupu. Mimi siendi nawe. Aliyekata ndiye anayekwenda."

Pale nilijifunza uzito wa mikono isiyobeba kitu. Ukienda kuomba radhi na zawadi, zawadi hukusemea. Ukienda mikono mitupu, husemi ila kweli, na ile njia ya migomba, ambayo jana yake niliipita nikiimba, niliiona ndefu kuliko kwenda Mwaya ziwani kwa miguu.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye visiki, kitenge chake kipya kwenye matope, anang'oa majani kwa vidole. Nilipiga magoti ng'ambo ya pili. Niliogopa hata kupakanyaga, kwa kuwa sasa nimejua.

"Mama," nikasema, "nimekosa. Sikujua. Na sikujua kwa sababu sikuuliza."

Aliendelea kung'oa. Niliona nisiseme tena, nikaanza kung'oa na mimi upande wangu. Tulifanya hivyo muda mrefu, na redio ya mtu fulani kule ng'ambo ya mpunga ikiimba nyimbo za sikukuu. Machozi yalinitoka, nikayaacha yadondoke kwa kuwa mikono ilikuwa na udongo.

Mwishowe akaniuliza bila kuinua uso, "Umeyaweka wapi?"

"Mezani, Mama."

"Pembeni au katikati?"

Swali lile lilinichoma. Nikasema, "Katikati."

Akakaa chini kabisa, akajifuta mikono kwenye majani.

"Alikuwa analilia kula na wakubwa," alisema. "Kila sikukuu. Anatoka kule nyuma ya jiko kwa wenzake, anakuja kusimama mlangoni, anatuangalia. Mimi namwambia, rudi kwa wenzako, ukikua utakula huku. Mara ya mwisho nilimfukuza kwa ukali." Akanyoosha mkono nimwinue, nikamwinua. "Haya. Leo yuko na wakubwa. Twende, tusimwache peke yake pale mezani."

Tulirudi tumeshikana. Mama mkwe alituona kwa mbali, akaingia jikoni haraka ili tusimwone anavyolia, halafu akatoka na wali. Hakuna aliyeyagusa yale maua. Mama Bupe aliketi mbele ya maua hayo, akala kidogo, akalia, akala tena, na sisi tukamwacha alie kwa kuwa chozi nalo ni mgeni wa sikukuu. Wale mbasa waliowekwa chini mlangoni ndio tulioanza nao.

Usije ukadhani, mwanangu, kwamba nasema mambo yaliisha vizuri. Maji yakimwagika hayazoleki. Maua yaliota tena, maana uhai wake uko chini ardhini, lakini ilichukua msimu mzima, na msimu ule mzima nilimwona mama yule akienda kupiga magoti kwenye udongo mtupu. Alinisamehe yeye, kwa ukubwa wake. Mimi kujisamehe kulinichukua miaka.

Sasa nisikilize, na usinisikilize kwa sikio moja huku macho yako kwenye simu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuishi na watu ukatamka majina yao na usijue yametoka wapi. Ukiolewa mahali, ukihamia mahali, hata ukirudi nyumbani baada ya miaka mingi, kabla hujatundika taa uliza: katika nyumba hii nani hayupo? Uliza kwa jirani pia. Sikukuu humulika, na inapomulika huonyesha kiti kilicho wazi kuliko siku nyingine zote. Yule anayekaa kimya wengine wakicheka, usimwambie achangamke. Mpe nafasi karibu nawe, umuulize habari za mtu wake, umtaje kwa jina. Hutamkumbusha msiba, yeye hajausahau. Utamwonyesha tu kwamba hakumbuki peke yake.

Na kitu cha mtu ni cha mtu, hata kama machoni pako ni majani. Omba. Na ukikosa, nenda mwenyewe, mikono mitupu, na usianze kujitetea kabla hujapiga magoti.

Pamba nyumba yako, mwanangu. Darizi vitambaa, washa taa zako, panga sahani zako nzuri, na meza yako isipungukiwe na mtu wa kula. Kyala, Mungu wetu, akubariki. Akupe jirani wa kukushika mkono siku utakaposhindwa kutoka ndani, na akupe wewe macho ya kumwona yeye kabla hajakuita. Wako walio hai wale kwako washibe, na wako waliolala watajwe mezani pako bila woga. Amina.