Niligawa pointi za kadi kama ng'ombe, nusura Mama akose safari

Wakuu, mwangaluka. Wa mikoa mingine mtaniwia radhi, huku Bariadi hatuanzi maneno bila kusalimiana.

Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na sina cha kumuuzia mtu. Nimetoka kwenye presha ya karibu wiki tatu na leo ndiyo kwanza napumua vizuri.

Mimi nashughulika na spea kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Simiyu. Mashine ikiharibika, mimi ndiye naagiza kifaa, naenda Dar kukifuata, nalala hotelini. Vyote nalipa kwa credit card yangu, kampuni inanirudishia. Kila nikilipa, benki inanipa pointi.

Najua kuna atakayeuliza, Bariadi kadi unaitumia wapi? Ni kweli. Maduka mengi hapa ukimpa mtu kadi anaigeuzageuza kama umempa kitambulisho cha mpiga kura. Matumizi yangu karibu yote yalikuwa mtandaoni na Dar.

Na kila mwezi nilikuwa namaliza deni lote la kadi. Ukiacha salio, riba inakula faida yote ya pointi na inabaki na njaa. Kama huwezi kulimaliza, achana na hizi kadi kabisa.

Sasa pointi zenyewe unaweza kuzitumia kuchukulia blenda au vocha kwenye app ya benki. Hapo unapunjwa. Njia yenye thamani zaidi ni kuzihamishia kwenye akaunti yako ya uanachama wa shirika la ndege, zikawa maili, ukakatia tiketi. Benki yangu ina mashirika kadhaa inayoshirikiana nayo. Ila zikishatoka benki hazirudi.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Kilichoniponza ni Usukuma.

Kwetu mtu hauzi ng'ombe kwa vile tu anaye. Anafuga, wanaongezeka. Na halazi wote kwenye zizi moja. Wengine wanakwenda kukaa kwa ndugu Migato, wengine kwa shemeji Ipililo, ili ugonjwa ukiingia boma moja asibaki mikono mitupu. Marehemu Baba alinilea hivyo.

Basi na mimi pointi nikazifuga. Miaka mitatu sikugusa hata moja, kazi yangu kufungua app na kuziangalia jioni. Halafu nikasoma mahali kwamba zinaweza kushushwa thamani wakati wowote. Nikafanya kama Baba. Elfu thelathini nikazipeleka shirika la kwanza, elfu thelathini nyingine shirika la pili, elfu thelathini na nne nikaziacha benki. Nikajiona mjanja kweli.

Wakuu, pointi hazizai. Hilo nilikuja kulielewa nikiwa nimechelewa.

Mdogo wangu Nkwimba yuko Malaysia, mwaka wa pili sasa, anasoma. Alikuwa na mimba ya kwanza na mpango ulikuwa aje kujifungulia nyumbani. Presha ikapanda, daktari akamkataza kupanda ndege, akampangia upasuaji baada ya wiki tatu hivi. Mume wake ni mwalimu huku Maswa; likizo ndefu iliyopita alikwenda kumtembelea, safari hii ruhusa ikakosekana. Kwa hiyo binti yuko peke yake.

Mama yuko Nkoma, analima pamba. Pasi ya kusafiria alikuwa nayo, Nkwimba alimhimiza aipate akitegemea aje kwenye mahafali yake. Nilipompa habari hakulia. Aliniambia tu kwenye simu:

"Masanja, mtoto wa kwanza binti hazai peke yake. Nifikishe."

Nikamjibu asiwe na shaka, tiketi yake ninayo kwenye simu. Nilisema kwa majivuno kabisa, mpaka naona haya kuandika.

Kufungua shirika la kwanza, kwenda na kurudi wanataka elfu sabini. Nina thelathini kwao, nikiongeza zote za benki ni sitini na nne. Shirika la pili wanataka sitini na sita. Sitini na nne tena! Nina pointi zaidi ya elfu tisini na hakuna hata shirika moja ambalo zinatosha tiketi.

Nikapiga simu shirika la kwanza kuomba pointi zangu zirudi benki. Dada wa watu akaniambia kwa upole haiwezekani. Nikabembeleza, akarudia sentensi ileile.

Kununua tiketi kwa hela ya mfukoni? Ya ghafla vile, bei yake ilinishinda. Pamba ilikuwa bado shambani na ada za watoto ndiyo nilikuwa nimetoka kulipa.

Siku mbili nikawa sipokei simu za Mama. Nasema ukweli, niliogopa. Siku ya tatu jirani yake akanipigia, akaniambia Mama anaulizia mnunuzi wa maksai wake wawili, wale wa kulimia. Kumbe alishanisoma. Hapo nilijisikia mdogo sana, maana Mama bila maksai msimu ujao ni jembe la mkono, kwa umri ule.

Aliyenivusha ni Bi Zuhura. Ana duka la nguo mjini, mzaliwa wa Kigoma, na safari za China na Dubai kufuata mzigo kwake ni kama sisi kwenda Mwanza. Nilikuwa nimeingia kununua soksi za shule, akaniuliza mbona nimenuna. Nikamwaga yote.

Alicheka mpaka akashikilia kaunta.

"Yaani Msukuma wewe, hata pointi umezipeleka kuchungwa kwa ndugu?"

Alipomaliza kunicheka akavaa miwani, akaomba simu yangu. Akaniuliza ni nani aliyenidanganya kwamba kwenda na kurudi lazima iwe tiketi moja, tena ya shirika moja.

Nikamfungulia app ya shirika la kwanza.

Tukatafuta safari ya kwenda peke yake kwa shirika la kwanza: elfu thelathini na tano. Kurudi peke yake kwa shirika la pili: elfu thelathini na tatu. Maana yake nilihitaji kutoa benki elfu tano kwenda huku na elfu tatu kwenda kule, basi. Tena akaniambia tiketi naweza kumkatia Mama kutoka kwenye akaunti yangu, si lazima msafiri awe mimi.

Nikataka kuhamisha palepale. Akanipiga kofi mkononi. Kwanza uhakikishe kiti kipo siku unayoitaka, alisema, la sivyo utahamisha pointi ukute ndege imejaa. Na nisisahau kodi za uwanjani, hizo zinalipwa kwa hela.

Kiti cha kwenda kilikuwepo, kimoja. Shirika likakubali kunishikia siku tatu. Benki nayo ikasema uhamisho unachukua mpaka siku tatu. Mnaiona hiyo hesabu?

Wakuu, sikula vizuri. Nilikuwa chini ya mashine na tochi mdomoni huku nina-refresh app kwa kidole chenye grisi. Siku ya tatu saa tisa alasiri pointi zikaingia. Nikakata tiketi palepale. Ya kurudi nikaipata kesho yake bila shida, nikampigia Mama aache kutafuta mnunuzi wa maksai.

Mama haongei Kiingereza, kwa hiyo nikaomba msaada wa uwanjani. Haulipiwi, unaomba tu mapema, mtu anampokea msafiri na kumfikisha kwenye ndege inayofuata. Walipomletea kiti cha magurudumu pale uwanja wa Dar alikasirika, akasema yeye hajavunjika mguu. Alikubali alipoona urefu wa foleni.

Alifika siku nne kabla ya upasuaji. Mtoto wa kike, salama, na mama yake salama. Nkwimba aliponipigia nilikuwa kwenye gari nje ya kiwanda, nikalia kama mtoto, mlinzi akaja kugonga kioo kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata mpwa.

Funzo? Acha pointi zako benki mpaka ujue safari na umeona kiti. Angalia kila upande wa safari peke yake. Usichukue blenda. Mwenye njia bora kuliko hizi atuwekee hapa chini, na mwenye kunicheka anicheke, nimeshazoea kwa Bi Zuhura.

Ila kuna jambo moja linaniuma. Juzi Nkwimba ameniambia tangu afike kule alikuwa akimwota Mama karibu kila wiki, hakusema kwa kuwa alijua nauli ni kubwa. Wakati huo wote mimi nauli ya Mama nilikuwa nayo kwenye simu, jioni naifungua naiangalia, naifunga.

Ninyi pointi zenu mnamwekea nani?