Kuwa na Kuua

Andika, mjukuu wangu Neema, wala usipunguze neno. Jumamosi, pale kwenye jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, yule dada mweusi anayewaongoza wanafunzi wetu wa Brussels kuchagua masomo na kazi alikuuliza: "Unataka kuwa nini?" Nikakumbuka alasiri moja ya Bukavu.

Mwalimu alikuja kumwandikisha kaka yangu shule. Nilikuwa jikoni, katika moshi na harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikamsikia akimuuliza swali lile lile. Kwa sikio langu la kitoto, neno kuwa lilisikika kuua. Nilidhani mgeni anamuuliza kaka atamchinjia nini.

"Kuku!" nikapaza sauti.

"Basi huyu wa jikoni atakuwa kuku," mwalimu alisema, na wanaume waliokaa naye wakacheka. Mimi nilishangaa tu kwamba hakuna aliyeinuka kumkamata kuku. Kaka alikwenda shule. Mimi nilibaki na mwiko.

Wewe ulijibu, "Hakimu," na yule dada hakucheka. Kisha akanigeukia: "Bon, na wewe, maman, ulitaka kuwa nini?"

Vijana wote waliokuwapo walinitazama, mimi kikongwe mzima.

"Nipe muda, mwanangu," nilimwambia. "Hii ndiyo mara ya kwanza kuulizwa."