Kikombe Chenye Ladha ya Shati

Kazini walimwita Ulimi, na si kwa sababu ya umbea, ingawa hapo napo hakuwa wa kubezwa. Alikuwa mwonjaji wa chai. Kila asubuhi alisimama mbele ya meza ndefu yenye vikombe themanini vyeupe, kijiko mkononi, pipa la kutemea lenye magurudumu likimfuata kando kama mbuzi wa kufugwa. Alifyonza chai kwa kelele ambazo kwazo mama yake angemzaba kofi, akaisukasuka mdomoni, akaitema. Miaka kumi na sita. Ukimwambia kazi hiyo ni ya heshima, angekubali. Ukimwambia inapendeza kutazama, angekucheka.

Nyuma yake alitembea karani, akiandika. Wanunuzi walikuwa ng'ambo, kwa hiyo ripoti ilikwenda kwa Kiingereza, na bosi, mtu aliyeamini kwamba ugomvi wote duniani hutokana na watu kutopima maneno, alikuwa amebandika ukutani karatasi yenye maneno manne tu. Kila chai ililinganishwa na chai ya kiwango, iliyokaa mwanzo wa meza kama bibi harusi. Ukisema chai fulani ni nyepesi kuliko ile, bado hujasema kitu. Nyepesi kwa kiasi gani? Hapo ndipo maneno manne yalipoingia. "Slightly" ilikuwa kidogo tu: kiwanda kinasamehewa. "Rather" ilikuwa kiasi cha kukunja uso: kiwanda kinapigiwa simu. "Much" ilikuwa sana: chai inashushwa daraja. "Far" ilikuwa mbali, mbali kabisa, mahali ambapo mnunuzi hapaswi hata kupaona: mzigo mzima unarudishwa kiwandani, na huko anatafutwa mtu wa kuangushiwa jumba bovu.

"Kiingereza kimejaa sifa," bosi alipenda kusema. "Sifa hazina kazi. Kinachofanya kazi ni kile kineno kinachozitangulia."

Mafundi cherehani huota vibiongo, walimu hukauka sauti; Ulimi alipata vipimo, akarudi navyo nyumbani. Mama mkwe alipouliza kama gauni lake jipya limempendeza, aliambiwa kwamba ni zuri kuliko la zamani, lakini "slightly". Mama mkwe hakujua Kiingereza, akashukuru. Binti wa Ulimi alikijua, akaacha kuuliza. Na mumewe alikwishakata tamaa ya kusikia neno "tamu" likija peke yake bila msindikizaji.

Mume huyo alikuwa mwendesha mashine ya kukaushia chai kwenye kiwanda kimoja kidogo. Alilisha tanuru kuni, hewa ya moto ikapita kwenye majani, moshi ukatoka nje kwa bomba lake. Ndoa ya mkaushaji na mwonjaji ina hatari zake, ila sampuli zililetwa kwa namba tu, bila jina la kiwanda, na miaka yote hiyo Ulimi hakuwahi kujua ipi ni ya nani. Mpaka Jumanne moja, kwenye kikombe cha arobaini na moja.

Alifyonza, akasukasuka, akasimama. Alikuwa ameonja shati la mumewe.

Kwa wiki tatu alikuwa akifua mashati yenye harufu ile ile ya kuni mbichi, kama samaki aliyesahaulika juu ya jiko. Alikuwa ameyaloweka, ameyasugua, ameitukana sabuni. Sasa shati lilikuwa kikombeni, limepikwa dakika sita kwa mujibu wa utaratibu.

"Vipi dada, niandike nini?" karani aliuliza.

"Subiri."

"Umeungua?"

"Nimesema subiri." Akaonja tena. "Ina moshi kuliko ya kiwango."

"Hilo hata mimi nimelinusa tangu mlangoni. Kuliko kwa kiasi gani?"

Utaratibu uliruhusu chai yenye utata kuonjwa tena kesho yake kabla neno halijafungwa. "Iweke ya kesho," Ulimi alisema. "Ina utata."

Karani alikitazama kikombe, akamtazama yeye. "Dada, hii haina utata. Hii ina kuni."

Jioni mumewe alipoingia, Ulimi alimshika kola kabla hajamaliza kusalimia, akainusa.

"Bomba lako limepasuka."

"Nani kakwambia?"

"Namba arobaini na moja."

Mume akaketi. Aliijua ile karatasi ya ukutani kwa moyo, maana alikuwa akiishi nayo chumba kimoja. "Umeshaandika?"

"Kesho asubuhi."

"Utaandika neno gani?"

"Far."

"Far! Mke wangu, hiyo inanitoa kwenye mashine! Meneja anatafuta tu pa kunishikia. Ana shemeji yake anaitolea udenda mashine ile tangu mwaka jana. Weka slightly."

"Slightly? Chai ile ukimpa mtu aliyezimia, ataamka akipiga kelele za moto."

"Basi rather. Tukutane katikati."

"Kwani hapa sokoni? Unanunua nyanya?"

"Much, mama watoto. Neno la mwisho. Hata muuza mitumba hupunguza!"

"Muuza mitumba hanywi mitumba," Ulimi alisema, akakaa naye. "Hivi wewe, uliripoti?"

"Niliripoti! Mara tatu. Kitabu cha hitilafu kipo."

"Uliandika nini?"

Mume alianza kuvichunguza vidole vyake vya miguu. "Kwamba bomba limepasuka kidogo."

"Kidogo."

"Adabu tu, mke wangu. Huwezi kumwandikia mkubwa kwamba bomba lake limepasuka vibaya. Ataona unamtukana."

"Ufa una ukubwa gani?"

Alionyesha kwa mikono. Kati ya viganja vyake angeweza kupita paka, tena mwenye mimba.

Ulimi aliitazama ile nafasi kwa muda. Wiki tatu meneja alikuwa amepewa ruhusa, kwa maandishi, ya kutonyanyuka kitini. Na mwanamume aliyempa ruhusa hiyo ndiye aliyeketi pale sasa akiomba apewe kidogo nyingine.

"Zamu yako inaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Ripoti yangu inatoka saa nne. Una saa nne za kukosa adabu."

Asubuhi alikirudia kikombe cha arobaini na moja. Moyoni alitumaini kimepata nafuu usiku, lakini chai si mgonjwa. Akatema. "Andika far."

Karani akapiga mluzi. "Far! Mwenye chai hii leo ana kilio kwake."

"Kwake ni kwangu."

Karani alicheka, akidhani ni mzaha, akaandika.

Mzigo ulirudi kiwandani Alhamisi. Meneja akashuka kwenda kwenye mashine, shemeji yake nyuma akiwa amekwishavaa glovu, akadai kitabu cha hitilafu ili amwonyeshe mkaushaji uzembe wake. Kitabu kilikuwa wazi. Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, kwa herufi kubwa: bomba limepasuka vibaya sana, moshi unaingia kwenye chai, simamisheni mashine. Chini yake palikuwa na sahihi ya meneja mwenyewe, ambaye huzisaini kurasa zote kabla ya chai ya saa tatu na hajawahi kuchoshwa na kuzisoma.

Kumfukuza mtu juu ya ukurasa ule ilikuwa vigumu. Lakini zile kidogo tatu nazo zilikuwapo. Basi ikaamuliwa mume akabebe magunia hadi bomba jipya lifungwe, shemeji aishike mashine, na anayeitaka tena aandike barua kwa Kiingereza.

Kwa siku mbili mume alizungumza na mkewe kupitia kwa binti yao. "Mwambie mama yako chumvi." Siku ya tatu alileta karatasi mezani.

"Nisomee," alisema, akitazama dirishani.

Barua ilikuwa safi. Ilieleza miaka yake ya kazi, ikaomba radhi mahali pasipostahili, kisha ikadai kwamba mwombaji anaijua mashine "slightly" kuliko aliyeishika sasa.

Ulimi akaweka karatasi chini. "Slightly?"

"Ni ada..." Akajikatiza. "Wewe ungeweka nini?"

"Huyo shemeji anakaushaje?"

"Bomba jipya, moshi hakuna, na kaunguza magunia mawili."

"Andika much."

Mume akageuka kutoka dirishani. "Kweli kabisa? Au kwa kuwa mimi ni mumeo?"

"Miaka kumi na sita naonja chai zenu bila kujua ni zenu. Kuna mzigo wenu uliowahi kurudishwa kabla ya huu?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Sasa unaniuliza nini?"

Alivuta kiti karibu, akaichukua kalamu. "Mbona si far?"

"Usizoee."

Akalikata neno la zamani, akaliandika jipya juu yake, kwa nguvu iliyoitoboa karatasi hadi kwenye kitambaa cha meza. Ulimi alikitazama kitambaa, akameza alichotaka kusema, akaenda kumtafutia karatasi nyingine.