Sura ya Mihayo

Siku ile mvua ya kwanza ilipopiga pale Ipole naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na ningependa niisahau. Lakini juzi umenionyesha kazi zako kwenye simu: umechora, umechonga, umeshona, na sasa wataka kufinyanga. Basi kaa, nikwambie habari za bibi yako Kabula, mdogo wangu.

Mikono ya Kabula ilikuwa haikatai kitu. Alichonga vigoda, akachora kuta za maduka kule Gongoni, na harusini akiombwa kuimba, anaimba. Mimi nilifinyanga vyungu tu pamoja na mama yetu. Kabula alikuwa akinitania, "Dada, wewe na vyungu vyako mtazeeka pamoja." Kweli, tumezeeka.

Jirani yetu, Mama Mihayo, alifiwa na mwanawe wa pekee kwa homa. Picha ya mtoto hakuwa nayo hata moja. Akaja kwa Kabula.

"Nifanyie sura yake," alisema, "nisije nikaisahau."

Kabula alikuwa hajawahi kufinyanga hata kibakuli. Akachukua udongo wa mama, akakaa nao, na kichwa cha mtoto kikatoka. Kilitoka, mwanangu! Mpaka lile sikio lililokunjika kidogo.

Mama akamwambia, "Kiache kivulini kikauke, halafu tutakichoma."

Lakini Kabula alikuwa anangojwa Urambo, kuna ukuta wa kuchora. Na yeye alizoea mti: ukishachonga ukapaka rangi, umemaliza. Tulipokuwa shambani akakipaka rangi ya mafuta kikiwa kibichi, kikang'aa, akampelekea mwenyewe. Mama Mihayo akakiweka juu ya kaburi.

Ile mvua ya kwanza ilipokatika, tukamwona Mama Mihayo mlangoni, mikono imejaa tope. Kabula alikuwa amesharudi kutoka Urambo.

"Kabula, njoo umtazame."

Tukaenda sote. Udongo ule usiochomwa ulikuwa umeyeyuka kwa ndani, umetiririka. Limebaki ganda la rangi, limelala juu ya tope, macho yanatazama juu.

"Macho anayo," Mama Mihayo akasema. "Kichwa chake kiko wapi?"



Nyumbani mama hakupiga kelele. Alisema, "Ulidhani udongo ni mti? Hukujua, sawa. Kwa nini hukuuliza? Mimi si nilikuwa hapa hapa?"

Kabula akafinyanga kingine, akakikausha kivulini, akakichoma. Mama Mihayo alikitazama sana, kisha akamrudishia.

"Kizuri. Lakini siyo yeye tena. Nikifumba macho naona lile tope."

Mama Mihayo alikufa hivyo hivyo, bila sura ya mwanawe. Kabula alichora mpaka uzeeni, ila sura ya mtu hakuigusa tena. Na kile kichwa kilichorudishwa ndicho hicho kabatini, ambacho kila ukija unaniuliza ni cha nani.

Sikukatazi. Shika rangi, shika mti, shika na hiyo kamera ya simu yako. Lakini kila unachokishika kina masharti yake, na usipoyajua, muulize anayeyajua, hata kama ana matope mpaka viwikoni. Na mtu akikuletea msiba wake uufanyie kazi, kazi nyingine zote zingoje. Ule ukuta wa Urambo ungengoja.

Haya. Mungu akutunzie mikono yako, akupe na subira ya kuitosha. Na kila atakayekufungulia mlango apokee kazi yako, asije akaufunga akilia.