Mabibo Yalipokwisha

Kwetu Nambambo, mume akilewa uraka, pombe ya mabibo, msimu wa korosho, hakuna anayeshangaa. Husemwa mabibo yakiisha na ulevi utaisha. Mwaka ule yaliisha, mume wangu akahamia kwenye gongo. Asubuhi mikono ilimtetemeka hata jembe likamshinda.

"Vumilia, mwanangu, ni msimu tu," mama mkwe aliniambia.

"Mama, msimu umeshapita."

Sikungoja ruhusa ya mtu. Siku hiyohiyo nilimpakia kwenye baiskeli nikaisukuma hadi hospitali Nachingwea, akalazwa.

Korosho zilipoiva tena, tulizikonyoa, mabibo yote tukayafukia. Majirani walipokuja kuyaomba wakamulie uraka, mume wangu aliwaonyesha shimo, kwa mkono usiotetemeka.