Turituri Nilizozitaja Bila Kuzishika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tawi la mkwaju nikaambiwa nihesabu vijani, yale majani madogo madogo ya kila kikonyo. Nilikuwa kijana wa Tanga, kanzu yangu nyeupe imepigwa pasi, nimekuja nikidhani kazi ya serikali ya Mjerumani ni kukaa mezani na kalamu sikioni. Mkubwa wa kituo, ambaye sisi wote tulimwita Bwana Miti, alisimama nyuma yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, hakina hata chembe ya utani.

"Vijani vingapi kwenye kikonyo kimoja?"

"Vingi, bwana."

"Vingi si hesabu. Rudia."

Nikarudia mpaka adhuhuri. Jioni nilimwambia mama kwamba Mzungu huyu ana wazimu na kesho siendi. Mama akasema utakwenda, na nikaenda.

Kazi yetu ilikuwa kutambua mimea. Ukikuta mmea usiojulikana unakata tawi lenye kila kitu, unalitandaza katikati ya karatasi za kunyonya maji, unalibana kwa mbao mbili na mikanda, na kila asubuhi unabadilisha karatasi mpaka likauke bila kuoza. Ndipo unaandika jina pembeni. Lakini jina halikuandikwa ovyo. Bwana Miti alikuwa na sheria yake, na alituimbisha kama watoto wa chuo cha Kurani: jani, ua, ganda, mbegu. "Kimoja kikikosekana," alisema, "huna jina. Una uvumi."

Baada ya miaka michache Bwana Miti alihamishwa bara, akanichukua. Tulipanda reli hadi Moshi, tukakaa msimu mmoja chini ya mkubwa mwingine, Bwana Kahawa, mtu wa hasira za asubuhi tu, kisha tukatembea na wapagazi hadi Arusha. Huko chini ya Mlima Meru Wazungu walikuwa wanafungua mashamba, na sisi tulitakiwa kuandika magugu yote yanayodhuru mazao na mifugo. Nami nilikuwa na kiburi, nasema kweli. Mtu wa pwani, najua kusoma, nimezungukwa na watu wasiojua Kiswahili sawasawa. Nilijiona mwalimu wao wote. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hizo haukuwa hata na mlango.

Basi ndama wanne wakafa kwenye shamba la Mzungu mmoja. Mganga wa ng'ombe alipowapasua alikuta tumboni vipande vya maganda ya mbegu, vyekundu na vyeusi. Mwenye shamba akasema mara moja ametiliwa sumu, na aliyemtilia ni Loishiye, Mwarusha wa upande wa Ngaramtoni, ambaye waligombana naye juu ya maji ya kunyweshea mifugo. Askari wakaenda kupekua nyumba ya Loishiye. Wakarudi na yeye mwenyewe kafungwa kamba, na mkufu wa mbegu nyekundu wa mke wake.

Siku hiyo Bwana Miti alikuwa safarini. Bwana Mkubwa, ndiye aliyeshika hukumu, akaniita mimi. Nilisimama chini ya ngazi za baraza. Askari akauinua mkufu juu.

"Hizi ni nini?"

Mbegu nyekundu, zina weusi. Sikupanda ngazi. Sikunyoosha hata mkono.

"Turituri, Bwana Mkubwa. Sumu kali. Kwetu pwani hata mtoto anazijua, na masonara wanapimia dhahabu."

Nikaona raha kujibu haraka vile. Loishiye akanitazama. Hakuelewa maneno yote, lakini aliielewa sauti yangu. Alipigwa viboko ishirini na vitano pale pale, akahukumiwa miezi sita ya mnyororo kuvunja mawe ya barabara, na ng'ombe wake wote wachukuliwe Jumamosi kumfidia mwenye ndama. Ilikuwa Jumatatu.

Bwana Miti alirudi usiku huo. Asubuhi akaniuliza, "Jani la mmea uliona?"

"Hapana, bwana."

"Ua? Ganda?"

"Niliona mbegu."

"Kwa umbali gani?"

"Hatua kama kumi."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alinipa mbao za kubania na karatasi, akasema, "Nenda nyumbani kwa mtu huyo. Kama anazo mbegu, mmea uko karibu. Niletee."

Nilimkuta mke wa Loishiye, Naserian, anakamua. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. "Unataka nini tena?" akasema bila kuinuka. "Shanga mmechukua. Mume mmechukua. Jumamosi ng'ombe. Mimi unanichukua lini?"

Nikamwambia nautafuta mmea wa zile shanga. Akanicheka, kicheko kibaya, akaninyooshea kidole nyuma ya zizi. Palikuwa na mti. Mti mzima, jamani, si mtambaa kama turituri! Gome lina miba, na vijani vitatu vitatu vipana kama vya maharage. Nikaokota mbegu chini yake. Ilikuwa kubwa, karibu mara mbili ya turituri, nyekundu yote, na weusi ni doa dogo tu penye jicho. Turituri ni ndogo, na weusi wake umevaa upande mmoja kama kofia. Mtu akiishika mkononi hawezi kuikosea hata akiwa na homa.

"Wanawake wote hapa wanavaa," Naserian akasema. "Mama yangu alivaa. Wewe uliyesoma hukujua?"

Lahaula! Nilikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe na kanzu yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Na niwaambie lililonipitia kichwani, maana hakuna faida ya kuwaficha: nilifikiri kwamba Bwana Mkubwa hajui mimea, na nikinyamaza hakuna atakayejua. Kisha nikamtazama yule mwanamke anavyokamua ng'ombe watakaochukuliwa Jumamosi. Nikainuka, nikakata tawi, nikalibana.

Bwana Miti alilichunguza tawi. "Vizuri. Lakini kusema si huu hakutoshi. Bwana Mkubwa atauliza ndama wameuawa na nini. Mmea wenyewe uko wapi?"

"Nitauleta, bwana."

"Kabla ya Jumamosi?"

"Kabla ya Jumamosi."

Jumatano nilifuata kijito chote kuanzia malisho ya ndama, nikipekua kila kichaka. Turituri ni mtambaa mwembamba, unapanda juu ya mimea mingine na kuikaba. Vijani vyake ni vidogo, vimepangwa viwili viwili kama vya mkwaju, na mwisho wa kikonyo hakuna kijani cha peke yake. Sasa nikajua kwa nini nilihesabishwa siku ile. Sikuuona. Alhamisi nikarudia, miguu imechanika kwa miba, bila kitu. Ijumaa sikwenda hata kuswali, Mungu anisamehe. Nilikwenda shambani kwenyewe, kwa yule Mzungu mwenye ndama.

Ulikuwa nyuma ya jiko. Umefunika ua wote wa miti, umepanda juu ya mndimu mpaka mndimu unakauka, na maganda yamepasuka, turituri zinang'aa ndani. Nikatafuna jani, likawa tamu, kama tulivyokuwa tukitafunishwa utotoni kwa kikohozi. Mpishi, Feruzi, mtu wa Pangani, akatoka na ndoo.

"Huu umefikaje huku?" nikamwuliza.

"Bibi wa shamba aliletewa mbegu kutoka pwani. Anazipenda, anatungia mapazia. Anaziroweka maji ya moto, anazitoboa kwa sindano."

"Zinazopasuka?"

"Anazitupa humu, kwenye pumba."

"Na pumba zinakwenda wapi, ndugu yangu?"

Feruzi akaitazama ile ndoo. Akaiweka chini polepole. Turituri nzima humezwa ikatoka kama ilivyoingia, lakini iliyotobolewa au kupasuka ni mauti.

"Yarabi," akasema. "Kwa ndama. Usinitaje, nina watoto."

"Sitakutaja. Nitautaja mmea."

Jumamosi alfajiri Bwana Miti nami tulisimama mbele ya Bwana Mkubwa. Safari hii nilipanda ngazi. Niliweka mezani jani, ua, ganda na mbegu, kando yake tawi la mti wa miba na ule mkufu, na vile vipande vya mganga wa ng'ombe. Nikamwambia mmea umetoka nyuma ya jiko la nani. Uso wake ukawa mwekundu. Aligeuza mbegu kwa ncha ya kalamu, muda mrefu.

"Mfungueni," akasema. "Ng'ombe wabaki." Bibi wa shamba hakutajwa, wala mumewe. "Na nani aliniambia ni sumu?"

"Mimi."

Bwana Miti akasema mimi ni mtu wake, ataniadhibu mwenyewe. Bwana Mkubwa akakataa. Nikalazwa pale pale uani, nikapigwa viboko kumi na vitano, na nilivihesabu kama nilivyofundishwa kuhesabu.

Nilipoinuka, Loishiye alikuwa anafunguliwa mnyororo. Alikuja mpaka mbele yangu, shati limemganda mgongoni. Nikamwambia nimekosa. Akanitazama, akasema maneno mawili.

"Bado kumi."

Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja, nami nikatumikia wakubwa wengine, Bwana Misitu mmoja baada ya mwingine, mpaka nikastaafu hapa hapa Arusha. Kila msimu kabla maganda hayajapasuka nilikwenda kung'oa turituri, mzizi wote, shamba kwa shamba, hata walipoacha kunituma. Sikuandika tena jina la kitu nisichokishika. Na kila siku ya soko nilipokutana na Loishiye nilimsalimu, tukaulizana habari za watoto na za mvua, na tukiagana alisema, "Bado kumi," bila kucheka. Sikumwomba avifute viboko hivyo. Ningemwombaje?

Mwezi uliopita tumemzika. Naserian, naye bibi kizee sasa, alinishika mkono mlangoni na kunishukuru kwa kuja. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikamwuliza kama mwishoni, hata siku moja, mumewe alisema neno kuhusu vile viboko kumi.

Ni mwanamke mkweli, tangu siku ile zizini.

"Alisema," akanijibu. "Alisema ukiniuliza nisikudanganye."